Dakika Saba Kisimani

Sanduku la yokan lilikuwa zito, na Hibino Shuji alilichagua kwa sababu hiyo hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini Tokyo anajua kwamba kwenda kuomba radhi na sanduku jepesi ni kujitafutia balaa. Mwenye nyumba akilipokea na mikono yake isishuke hata kidogo, ujue safari yako imekuwa ya bure. Basi Hibino alinunua vipande kumi vya ile halua ya maharage mekundu, akavipakata kwenye treni kutoka Tokyo mpaka Osaka, na mapaja yakamfa ganzi kabla hajafika Nagoya. Hakuliweka sanduku juu kwenye mizigo. Aliona ganzi ile ni haki yake.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikuwa anakwenda kukiri uongo aliousema akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Wakati ule alikuwa mwandishi mdogo kuliko wote katika gazeti la magemu lililoitwa Kitufe. Watoto wa nchi nzima walilinunua kwa ajili ya ukurasa mmoja tu, ukurasa wa mbinu za siri: bonyeza hiki mara nane upate maisha ya ziada, ruka pale kwenye ukuta utokee chumba cha hazina. Kila mwezi zilichapishwa mbinu ishirini, na moja kati ya hizo ishirini ilikuwa uongo mtupu, uliotungwa ofisini makusudi. Ndiyo ilikuwa desturi, na kila msomaji alikuwa anaijua. Watoto walihangaika mwezi mzima wakizijaribu zote, na toleo lililofuata likawaambia ipi ilikuwa ya uongo. Aliyetegwa alicheka. Hakuna aliyeumia, kwa sababu jibu lilikuja kila mara.

Mwezi wa sita mwaka 1988 ilikuwa zamu ya Hibino kutunga uongo, na kichwa chake kilikuwa kitupu. Mhariri alisimama nyuma ya kiti chake huku sigara ikimning'inia mdomoni.

"We Hibino, unataga au unaandika? Kiwanda cha uchapaji kinasubiri."

"Nipe dakika kumi, mkubwa."

"Tano. Na iwe ya kutisha kidogo, joto hili watoto wanataka kitu cha kuwatia baridi."

Wiki moja kabla, Hibino alikuwa amekwenda Osaka kumhoji Orihara Kenkichi, fundi aliyetengeneza gemu liitwalo Taa ya Kotaro karibu peke yake, kwenye chumba cha juu cha nyumba yake. Chini, karibu na ngazi, kulikuwa na kabati la marehemu, lile la kuwekea picha na kuwashia udi, na ndani yake picha ya msichana wa miaka tisa, nywele fupi, sweta ya njano. Hibino aliwasha udi kama heshima inavyotaka. Mke hakuwapo, tangu msiba alikuwa amelala mgonjwa nyumbani kwa mama yake. Orihara alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Kozue wake alifariki mwezi wa kumi na moja kwa pumu, na kwamba alikuwa akipenda kukaa kwenye kisima cha hatua ya tatu ya gemu bila kucheza, anasikiliza tu mvumo wa kile kisima. "Hilo usiliandike," alisema Orihara, na Hibino akainama mpaka chini kuonyesha kwamba hataliandika.

Na kweli hakuliandika kwenye mahojiano. Aliliandika kwenye ukurasa wa mbinu. Namba kumi na nne: *Mfikishe Kotaro kwenye kisima cha hatua ya tatu, weka pedi ya kuchezea chini, usiguse kitu dakika saba. Msichana mwenye sweta ya njano atatokea ukingoni.* Alimaliza kwa dakika nne, mhariri akampiga bega, na akajisikia fundi.

Toleo la mwezi wa saba halikutoka. Wenye gazeti walilifunga ghafla, wakawapa wafanyakazi maboksi ya kutilia vitu vyao, na lile jibu la kwamba namba kumi na nne ni uongo halikuchapishwa popote. Hibino angeweza kulipeleka gazeti jingine. Lakini postikadi zilikuwa zimeanza kumiminika, zaidi ya mia nne, na watoto wa Sapporo, wa Kumamoto, wa wapi sijui, walikuwa wanaapa kwamba wamemwona. Mmoja kamchora kwa kalamu za rangi. Alipokwenda kuomba kazi kwingine alizibeba zile postikadi kwenye begi na kuzimwaga mezani. Kazi akaipata siku hiyo hiyo, na gazeti lake jipya likachapisha baadhi yake, ya mtoto wa Sapporo ikiwa ya kwanza. Tangu hapo, kila alipotaka kusema ukweli alikuta ameshachelewa kidogo kuliko mara iliyopita, na watu wanajua jinsi uvivu wa namna hiyo unavyomlea mtu mpaka anaota mvi.

Uongo wenyewe haukukaa kumsubiri. Ulitiwa chumvi kila mwaka. Kwanza msichana alitokea tu, baadaye akawa anageuza kichwa, kisha ikasemwa ukimwona uso utakohoa siku saba na ya nane hutaamka. Mwisho watu wakapata habari kwamba fundi wa gemu alifiwa na binti, ikasemwa ule mvumo wa kisima ni pumzi za mwisho za binti huyo, kwamba baba yake alizirekodi hospitali akazitia kwenye kaseti ya gemu. Hibino alizisikia zote na kila mara alijiambia, hilo si langu, mimi nilisema sweta tu.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa binti yake, Nanae, alimwita sebuleni.

"Baba, njoo uone huku. Si uliwahi kufanya kazi kwenye magazeti ya magemu, enzi za mawe?"

Kwenye simu, kijana mmoja alikuwa anaonyesha mubashara akiwa ameketi mbele ya Taa ya Kotaro, mikono magotini.

"Anasubiri nini?" Hibino aliuliza, utadhani hajui.

"Yule msichana wa sweta ya njano, baba! Watu elfu thelathini wanamtazama jamaa amekaa tu. Sikiliza, ule ndio mvumo. Eti ni pumzi zake. Mwili unanisisimka."

"Ni kelele za mashine hizo. Mashine zote za wakati ule zilikuwa zinavuma hivyo."

"Aa, baba naye, unaua utamu." Nanae alicheka. "Wenzake walienda mpaka kwenye nyumba yenyewe juzi, wakapiga picha. Mama wa mtoto bado yupo. Kazeeka, anaanika nguo zake, wao wanamrekodi tu."

"Bado yupo?"

"Yupo. Kwa nini? Ulikuwa unawajua?"

"Hapana," alisema Hibino. Akaenda bafuni akafungulia maji, akakaa pembeni ya beseni na nguo zake, na akajiona mtu wa ovyo kabisa. Kumdanganya binti yake hakukumchukua hata sekunde moja.

Wiki hiyo aliandika barua. Ilikuwa fupi na ya woga: kwamba yeye ni mwandishi wa zamani wa Kitufe, kwamba angependa kuja kuwasha udi kwa ajili ya marehemu Kozue, kwamba ana neno la kusema. Jibu lilikuja kwa postikadi, mwandiko mzuri wa brashi. Bi Orihara Terue alisema tarehe kumi mwezi wa kumi na moja mtawa wa hekalu anakuja kufanya kumbukumbu ya mwaka wa thelathini na tatu, kwa hiyo aje tarehe tisa, mchana. Chini aliongeza: *Nimengoja miaka mingi kukutana na mtu aliyemwona kwanza.*

Hibino aliisoma sentensi hiyo amesimama mlangoni na viatu mkononi, akaisoma tena.

Alijua maana ya mwaka wa thelathini na tatu, nani asiyejua? Mwaka wa kifo wenyewe nao unahesabiwa, na hiyo ndiyo kumbukumbu ya mwisho. Baada yake marehemu haitwi tena kwa jina lake peke yake, kibao chenye jina lake kinatolewa kabatini, na yeye anaingia katika kundi la wazee wa ukoo, ametulia. Aliyebaki naye anaambiwa, sasa mwachilie. Kama Hibino alikuwa na la kusema, lilipaswa kusemwa kabla ya mtawa kufika. Na kama kulisema kungemvunja mama yule moyo katika siku ya mwisho ya kumwita binti yake? Hilo alilibeba kwenye treni pamoja na yokan, na kati ya hivyo viwili yokan ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Bi Orihara alifungua mlango kabla hajapiga kengele. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miaka sabini hivi, aproni ya maua, macho makali. Alilipokea sanduku kwa mikono miwili na mikono ikashuka.

"Uwii! Umenibebea mawe, Bwana Hibino?"

"Ni kitu kidogo tu, mama, hakina thamani."

"Kidogo kingenivunja kiuno? Ingia, ingia." Alimtazama juu mpaka chini akacheka. "Nisamehe. Nilikuwa nangoja kijana. Kichwani mwangu mwandishi wa gazeti bado alikuwa na nywele."

"Zilikuwepo, mama."

"Na za mume wangu zilikuwepo. Sasa ni miaka kumi na mitano hayupo, yeye na nywele zake."

Kabati lilikuwa palepale karibu na ngazi. Kikombe cha maji, bakuli dogo la wali, krisanthemu nyeupe, picha mbili sasa badala ya moja. Sweta ya njano ilikuwa imefifia kidogo. Hibino alipiga magoti, akawasha udi, akaunganisha viganja akafumba macho, na alipofumbua ndipo akaona kitu kingine pembeni ya wali: adapta nyeusi ya umeme, ya mashine ya gemu, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe.

Bi Orihara aliona anapotazama. "Hiyo niliificha mimi," alisema. "Kwenye kopo la majani ya chai. Si ndivyo tulivyofanya akina mama wote? Mtoto akizidisha gemu, unaficha adapta."

"Mama yangu aliificha kwenye pipa la mchele," alisema Hibino.

"Ehe! Sasa wewe uliipata au hukuipata?"

"Niliipata."

"Kozue hakuipata." Aliinua mkono akaichukua adapta, akainamia picha kama mtu anayeazima kitu. "Alinililia siku tatu. Nikamwambia, ukimaliza hesabu zako Jumamosi nitakupa. Ijumaa pumu ikambana shuleni. Hakurudi nyumbani. Alikwenda na hasira zake, Bwana Hibino. Njoo ukae huku."

Katika chumba cha pili, mbele ya televisheni nene ya zamani, ile mashine ilikuwa imetandikiwa kitambaa. Plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Bi Orihara alichomeka adapta, akavaa miwani, akatoa karatasi ndani ya aproni.

"Maneno ya siri haya aliniandikia mume wangu, yananipeleka kisimani moja kwa moja. Mimi sijui kuruka mashimo." Alibonyeza herufi moja moja kwa kidole gumba, ulimi umetokeza kidogo. "Kila mwaka siku ya kifo chake nakaa naye. Mwaka huu nimesogeza siku moja, kesho kutakuwa na watu. Na nilitaka uwepo wewe. Wewe unajua inavyofanywa."

Kotaro alitokea kwenye kioo, mtoto mdogo wa vidoti vya rangi, taa mkononi, amesimama kando ya kisima. Mvumo ukaanza, ule ule. Bi Orihara aliweka pedi chini kwa uangalifu, akachukua saa ndogo ya kuchemshia mayai, akaizungusha mpaka saba. Ikaanza kugonga.

"Mama," alisema Hibino.

"Shh. Dakika ya kwanza nanyamaza, ndiyo kawaida yangu."

Akanyamaza naye. Angeweza kusema palepale, lakini alikuwa amepewa kisingizio, akakipokea kwa mikono miwili. Ilipita ya kwanza, ikapita ya pili.

"Mume wangu aliletewa lile gazeti kwa sababu ya mahojiano," alisema Bi Orihara kwa sauti ya chini, macho kwenye kisima. "Nilikuwa nimesharudi kwangu, na mimi ndiye niliyeigundua namba kumi na nne. Sweta ya njano! Ile nimeifuma mimi, Bwana Hibino, kwa mikono hii, hakuna duka lililowahi kuiuza. Nani mwingine angejua kama si aliyemwona? Nikamkimbilia Kenkichi, nikamwambia, umemweka humu, sema kweli, umemweka mtoto humu?"

"Akasemaje?"

"Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa sijala siku nyingi, na siku ile nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu. Akasema, mtu hakumbuki kila kitu alichoandika humo. Ndiyo, hilo tu. Kila nilipomuuliza tena, lilikuwa hilo hilo mpaka alipokufa."

Hibino alikuwa amedhani kwamba uongo wake aliubeba peke yake. Kumbe kulikuwa na mwanaume mwingine aliyesukumiwa nusu yake bila kuulizwa, akaubeba miaka kumi na sita ndani ya nyumba hii, akafa nao.

Dakika ya tatu ilikwisha. Ya nne.

"Watoto wote wanamwona," aliendelea Bi Orihara. "Wa Sapporo kamwona. Hata hawa mabwege wanaokuja na simu wanapiga picha chupi zangu kwenye kamba, na wao wanasema wamemwona. Na hayo ya kukohoa, na ya pumzi, sijali, watu wana midomo. Ila mimi mama yake, mara thelathini na moja nimekaa hapa. Hajanitokea hata kivuli. Kesho anakwenda moja kwa moja. Sasa niambie wewe uliyemwona, nakosea wapi? Nakaa vibaya? Au bado ana hasira na mimi?"

Kulikuwa na njia nyepesi, na Hibino aliiona vizuri. Angeweza kusema, mama, hana hasira, alitabasamu nilipomwona. Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ulimi, matamu, yamepangika, kama yale ya mwaka 1988 yalivyokuja ndani ya dakika nne. Ni urahisi wake uliomtisha. Alitoka kwenye mto wa kukalia, akapiga magoti juu ya mkeka mtupu, akaweka paji la uso chini.

"Mimi sijamwona, mama. Hakuna aliyemwona. Nilitunga."

Saa ya mayai iliendelea kugonga.

"Nilikuja hapa kumhoji bwana wako, wewe hukuwapo. Niliiona picha. Sweta niliitoa kwenye picha. Na alinikataza nisiandike kuhusu kisima, nikaandika. Kila mwezi tulitia uongo mmoja na mwezi unaofuata tunautaja. Gazeti likafungwa kabla ya kuutaja, na mimi nikanyamaza kwa sababu ulinipatia kazi. Ndiyo ukweli wote. Hakuna kitu ndani ya kisima hicho, mama. Hakijawahi kuwa na kitu."

"Na watoto wa postikadi?"

"Walitaka kuona. Wengine walidanganya tu."

"Wa Sapporo?"

"Na yeye, mama."

Hibino alingoja kofi, au kilio, au aambiwe atoke. Akiwa bado chini alisikia saa ikilia, krrr, na akagundua kwamba wote wawili wameinua vichwa na kukitazama kisima. Kotaro alikuwa amesimama peke yake na taa yake.

"Kwa hiyo," alisema Bi Orihara taratibu, "hakunikataa."

Hibino aliinamisha uso tena mkekani.

"Kila mtu anamwona isipokuwa mimi. Unajua hilo lilivyonifanya? Nilikuwa naamka asubuhi, nachemsha wali wake, naweka maji, najisemea, leo tena kanikasirikia. Nilimwomba msamaha mpaka maneno yakaniisha. Mtoto ambaye hakuwa na kinyongo na mtu! Siku ya pili tu alikuwa ameshasahau hesabu na adapta, nilimjua mwanangu, alikuwa hawezi kununa zaidi ya siku mbili, ya tatu alikuwa ananiigizia tu." Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Nilimjua. Halafu nikaja nikamsadiki kijana wa gazeti kuliko mwanangu mwenyewe."

"Mama, sina neno."

"Usiwe nalo. Maneno yako nimeshayaona." Alivua miwani akaifuta kwa aproni, akavaa tena. "Miaka thelathini na moja, Bwana Hibino. Treni kutoka Tokyo ni mwendo wa saa mbili na nusu tu."

Hilo lilimwingia kuliko tusi lolote. Alibaki ameinama na hakuna aliyemwambia ainuke. Ubavuni mwake alisikia Bi Orihara akijikongoja, akienda jikoni, akirudi na kisu na sahani. Alifungua lile sanduku zito, akakata yokan, akapeleka kipande kimoja mbele ya picha ya binti na kimoja mbele ya picha ya mume. Mbele ya mume alikaa kidogo zaidi. Kisha akarudi, akakaa, akamsukumia Hibino pedi kwa mguu.

"Inuka. Chukua hiyo. Mwondoe huyo mtoto hapo kisimani."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyemsimamisha. Mimi sikuwahi kumpitisha hapa, nilikuwa nazima mashine. Ningemwachaje Kozue peke yake?"

Hibino aliinuka, akaichukua pedi. Alibonyeza kulia. Kotaro akapiga hatua, akaruka shimo, akapanda ngazi ya mawe, na mvumo wa kisima ukabaki nyuma, ukapungua, ukakoma. Kioo kikageuka kutoka weusi kuwa bluu, na muziki ukaanza, wimbo mwepesi wa kuchangamka, wenye mdundo wa watoto kuruka kamba, ambao Orihara Kenkichi aliutunga chumba cha juu, binti yake akiwa bado anapanda na kushuka zile ngazi.

Bi Orihara aliweka mkono mdomoni.

"Kumbe kulikuwa na wimbo mbele," alisema. "Huu Kozue alikuwa akiuimba akienda shule. Nami nikadhani kautunga mwenyewe."

Hibino alitaka kuweka pedi chini. Machozi yalikuwa yanamzuia kuona mashimo.

"Endelea," alisema mama wa Kozue. "Usithubutu kuacha. Nataka kuusikia wote."